Mhariri, tarehe zetu zinageuzwa ndani ya kompyuta na hakuna anayeuliza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie kitu ambacho wengi watasema ni kidogo sana, tarehe, yaani zile namba tatu tunazoandika kwenye kila fomu, ukienda kliniki, ukienda Sacco, ukienda kuombea mtoto basari. Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha programu za databesi, yaani hifadhi za rekodi ndani ya kompyuta, niko hapa Kisumu lakini kazi imenipeleka mpaka Vihiga na Busia, na nakuambia kwa moyo wangu wote sijaona kitu kinaharibu rekodi za watu wetu kimya kimya kama tarehe.

Hapa Kenya tunaanza na siku, alafu mwezi, alafu mwaka. Hiyo tuliachiwa na Waingereza na imeshakuwa yetu, mtu akiona 3/4/2024 anajua ni tarehe tatu mwezi wa nne. Mmarekani akiona hiyo hiyo anasoma Machi 4, manake kwao mwezi ndio unatangulia, ndio maana lile shambulio la New York la Septemba 11, 2001 wanaliandika 9/11 wakati kwetu hiyo ni tarehe tisa Novemba. Wajapani na Wachina nao wanaanza na mwaka. Kila nchi ina desturi yake na sina neno na hiyo. Neno langu ni kwamba programu nyingi tunazotumia zimetoka Marekani zikiwa zimepangwa kwa desturi ya huko, na mtu asipochukua dakika kumi kuzibadilisha zinasoma tarehe zetu vile Mmarekani angesoma.

Sasa sikiza penye ubaya. Ukiandika 25/4/2024 kompyuta iliyozoea Kimarekani inatafuta mwezi wa 25 na haupati, kwa hivyo ama inakataa kabisa ama inaamua yenyewe kwamba hii lazima iwe Aprili 25. Lakini ukiandika 3/4/2024 haikatai wala haiulizi, inaweka Machi 4 na kazi inaendelea. Hesabu mwenyewe, kwa mwaka kuna siku 144 ambazo namba ya siku haizidi 12, toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja kama Saba Saba 7/7 ama Jamhuri 12/12, hizo hata ukigeuza zinabaki palepale, unabaki na siku 132. Zaidi ya thuluthi ya mwaka inaweza kugeuzwa na hakuna mtu ataona kitu. Madaraka yenyewe, 1/6, inakuwa Januari 6.

Na hizo siku zingine ndizo zinadanganya wakubwa wa ofisi, ju zinaingia vizuri. Kijana aliyetengeneza sistimu anakuja kuionyesha tarehe 20, anaingiza tarehe ya leo, inatoka sawa, watu wanapiga makofi na malipo yanafanyika, alafu mwezi unaofuata ukianza tu tarehe moja mpaka kumi na mbili rekodi zinaanza kuhama. Kuna ofisi ndogo nyingi bado zinatumia Microsoft Access, programu ya databesi ya ofisini, na hii iko na tabia moja ningependa kila mtu aijue, ukiandika tarehe ndani ya amri ya databesi, ile inayowekwa katikati ya alama mbili za reli (#), yenyewe inasoma mwezi kwanza hata kama Windows yako umeiweka kwa mpangilio wa Kenya, lakini namba ya kwanza ikizidi 12 inajigeuza yenyewe bila kusema. Kwa hivyo mtu wa 13/9/2019 anaingia Septemba 13 vile inafaa, na jirani yake wa 12/9/2019 anatupwa Desemba 9, jedwali moja, siku moja, karani mmoja. Afadhali ile databesi inayokataa na kuleta makosa kwenye skrini kuliko hii inayonyamaza.

Nichukue mambo ya kliniki manake hapo ndipo naumia sana. Huku kwetu, kuanzia Homa Bay mpaka Kakamega, ndiko chanjo ya malaria ya watoto ilianzishiwa hapa Kenya, ilizinduliwa Homa Bay Septemba 13, 2019 ikaenda kaunti nane za huku ziwani na magharibi, na ilipoanza ilipeanwa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Chanjo ya surua nayo ni miezi 9 na 18. Hizo zote zinahesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa, hakuna kitu kingine. Mtoto amezaliwa tarehe 5 Novemba 2023, sista ameandika 5/11/2023 kwenye kijitabu cha mama na mtoto vizuri kabisa, mtu wa data anaingiza hivyo hivyo kwenye kompyuta, kompyuta inaweka Mei 11. Mtoto hajamaliza wiki moja duniani na sistimu inasema tayari amefikisha miezi sita, alete kwa sindano ya malaria. Hapo sista atacheka ju anaona kichanga mbele yake, mtoto hawezi kudhurika.

Geuza sasa. Mtoto amezaliwa Mei 11, imeandikwa 11/5/2023, kompyuta imeweka Novemba 5. Huyu sistimu haitamwita kwa sindano ya kwanza ya malaria mpaka Mei 2024 wakati anakaribia kutimiza mwaka. Kama kijitabu kiko na mama anajua kusoma, sista atakiangalia na kumchanja kwa wakati. Kama kijitabu kililowa kwenye mafuriko ya Nyando, ama mama amehama kutoka Ahero kwenda kwa dada yake Mbale na kituo kipya kinategemea kompyuta, nani atajua? Niliwahi kukuta rekodi za namna hii kwenye kituo kimoja, sitakitaja, na wale wafanyakazi wa hapo walikuwa watu wazuri wenye bidii, hakuna aliyeandika kitu vibaya. Walikuwa wanashangaa tu kwa nini kila mwezi orodha ya watoto wanaotakiwa kuja inakuwa na majina ya ajabu, na walishazoea kuipuuza, wanarudi kwa kitabu. Hilo la kuzoea kupuuza ndilo lilinikera zaidi ya makosa yenyewe. Sistimu imenunuliwa na pesa za watu alafu mwenye kuitumia amejifunza kutoiamini.

Kwa Sacco sitakaa sana, mtu yeyote ataona. Mkopo unafaa kumalizwa tarehe 8 Desemba, 8/12, ikisomwa Agosti 12 mwanachama anaanza kukatwa faini miezi minne mapema na meseji za kumtisha zinaanza kumiminika kwa simu, na yule wa 12/8 anaonekana ako na muda mpaka Desemba, anafurahi, riba inajilimbikiza. Wote wawili watakuja kwa kaunta kugombana na msichana wa watu ambaye hajui lolote.

Sasa hii inatokea wapi haswa? Tarehe moja inapita mahali kadhaa kabla ihifadhiwe, inaanza kwa brauza ya mtumiaji, inaenda kwa programu iliyo kwenye seva, ile kompyuta inayohudumia zingine, alafu inaingia databesi, na kila mahali pako na maoni yake. Chukua PHP, lugha ya kuandikia programu ambayo vijana wengi hapa wanaitumia, ukiipatia 03/04/2024 yenye mikwaju kupitia ile njia yake ya kubahatisha inasema Machi 4 ju imeona mkwaju ikafikiria ni Mmarekani, ukiipatia 03-04-2024 yenye vistari inasema Aprili 3. Kistari tu kimebadilisha mwezi. JavaScript, lugha ya programu za kwenye brauza, ikiona mikwaju nayo inatanguliza mwezi. PostgreSQL, ambayo ni databesi, ikitoka kiwandani inasoma mwezi kwanza mpaka uibadilishe. SQL Server, databesi ya Microsoft, yenyewe inaangalia lugha ya akaunti iliyoingia, kama akaunti imepewa Kiingereza cha Marekani inasoma mwezi kwanza, kama imepewa cha Uingereza inasoma siku kwanza, yaani watu wawili wakituma amri moja neno kwa neno wanaweza kupata siku mbili tofauti. Na iko na mtego mwingine ambao umewaangusha hata watu wa miaka mingi, kwa ile aina yake ya zamani ya tarehe na saa, akaunti ya Kiingereza cha Uingereza ikipewa 2024-04-03 inaisoma mwaka, siku, mwezi, inatoa Machi 4. Ukitaka ikusome sawa bila kujali lugha andika tarakimu nane zikiwa zimeshikana, 20240403.

Ndio maana utasikia developa anasema kwa laptop yangu inafanya kazi, na ni kweli kwake inafanya. Laptop yake iko Kondele, imewekwa mpangilio wa Uingereza, kila kitu kinatoka sawa. Siku anahamisha programu kwenda kwa seva ya kukodi ambayo imewekwa mpangilio wa Marekani, tarehe zinaanza kugeuka kuanzia hiyo siku, zile za nyuma ziko sawa, za mbele zimeharibika, na hakuna mtu aliandika mahali popote kwamba tulihama lini.

Kurekebisha hapo, Mhariri, ni kazi ya machozi. Huwezi kugeuza zote manake utaharibu zile zilizokuwa sawa. Tarehe za watu kuja kliniki ama kulipa zinaweza kufuatiliwa, ju rekodi huwa zinaingia kwa mfululizo, ya 501 inafuata ya 500, kwa hivyo ukiona katikati ya wiki ya Aprili 3 kuna moja imeruka Machi unajua hiyo imegeuzwa. Tarehe ya kuzaliwa haina mfululizo, watoto wa miezi tofauti wanakuja siku moja, hapo hakuna ujanja wa kompyuta, inabidi vile vitabu vya karatasi vitolewe stoo na mtu akae na kila jina. Ofisi zinazochoma karatasi ju zimenunua kompyuta, tafadhali ngojeni kwanza.

Kitu kimoja ambacho karani yeyote anaweza kuangalia hata leo bila kuita mtu, ni ile orodha ya Excel inayotumwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Fungua safu ya tarehe uangalie zimekaa upande gani wa kijisanduku. Kwenye kompyuta iliyo na mpangilio wa Marekani, ukifungua faili ya kawaida ya maandishi kutoka kwa sistimu, 13/04/2024 Excel inashindwa kuielewa inaiacha kama maandishi, inakaa kushoto, na 03/04/2024 inaibadilisha kuwa Machi 4, inakaa kulia. Ukiona safu moja nusu imekaa kushoto na nusu kulia, na hakuna mtu ameipanga hivyo kwa mkono, simama hapo hapo usihifadhi, ju ukihifadhi zile zilizogeuzwa zinabaki zimegeuzwa.

Kuna na ile ya siku kurudi nyuma moja, hii watu wengi wameiona lakini hawajui chanzo. Kenya iko masaa matatu mbele ya saa ya dunia, mwaka mzima, hatubadilishi saa kama Wazungu. Mtu anachagua Aprili 3 kwenye kalenda ya fomu, programu inaishika kama saa sita usiku ya Aprili 3 ya hapa kwetu, alafu kabla ya kuituma inaibadilisha kuwa saa ya dunia, inakuwa saa tatu usiku ya Aprili 2, na kule mwisho databesi inakata saa inabakisha siku, Aprili 2. Kila tarehe inapungua siku moja. Dawa yake ni kutoichanganya siku ya kuzaliwa na saa hata kidogo, tarehe ya kuzaliwa ni siku, haina saa, na databesi nyingi kubwa ziko na aina ya safu ya tarehe peke yake.

Na wazee wetu pia. Kuna mzee anajua mwaka tu, amezaliwa 1948, mwezi hakuna aliyeandika. Fomu inakataa mpaka ijazwe siku na mwezi, karani anaweka Januari 1 ili aende kwa mtu mwingine kwenye foleni, na baadaye hakuna anayeweza kutofautisha mzee aliyezaliwa Januari mosi kweli na yule aliyepewa tu. Si kazi ngumu kuongeza kisanduku kinachosema mwaka ndio unajulikana peke yake. Ni kwamba tu aliyetengeneza fomu hakuwahi kufikiria mzee wa kutoka Alego.

Sasa nini kifanywe. Wako wenzangu wanasema wananchi wafundishwe kuandika mwaka kwanza, 2024-04-03, ju hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa, ISO 8601, iko tangu 1988, na mimi nakubaliana nayo kabisa kwa upande wa ndani, databesi ihifadhi hivyo na programu zikiongea zenyewe kwa zenyewe ziongee hivyo. Lakini kwa mama aliyeketi kwenye benchi na mtoto mgongoni, hapana. Yeye aandike vile alizoea, ni programu ndio ilipwe ili imwelewe. Kisanduku cha tarehe kilicho ndani ya brauza za siku hizi kinasaidia, kinaonyesha mtu tarehe kwa mpangilio wa kifaa chake lakini kinachotumwa kwa seva ni mwaka, mwezi, siku, kila wakati. Shida simu nyingi huku zimewekwa Kiingereza cha Marekani na mwenyewe hajui, kwa hivyo chini ya hicho kisanduku andikeni kwa maneno, umechagua Jumatano, 3 Aprili 2024. Mwezi ukiwa kwa herufi hakuna nchi itausoma vibaya, na ile Jumatano inamshtua mtu haraka akiona siku siyo aliyotaka. Kwenye risiti na barua na meseji za simu pia, mwezi kwa herufi.

Kwa vijana wa fani yangu nasema hivi, acheni kuunganisha tarehe kwenye amri ya databesi kama maneno ya kushonea, tumieni amri zenye nafasi maalum ambapo tarehe inapita ikiwa tarehe, haigeuzwi maandishi njiani, na hiyo hiyo ndiyo inazuia wahuni kuingiza amri zao kupitia fomu, mnapata mawili kwa kazi moja. Programu ikipokea maandishi iambiwe wazi kabisa kwamba hii ni siku, mwezi, mwaka, isiachwe ibahatishe. Safu ya tarehe iwe ya tarehe, isiwe ya maandishi. Na kagueni mantiki kidogo jamani, mtoto hawezi kuzaliwa kesho, hiyo peke yake ingemkamata yule mtoto wa Mei 11 siku ile ile anaandikishwa.

Kwa wananchi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuona data yako na kutaka irekebishwe kama ni ya uongo ama inapotosha. Tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa inaingia hapo. Ukiambiwa kwa kaunta ati sistimu ndiyo imesema hivyo, uliza ni utaratibu gani wa kurekebisha, uandike barua, ubaki na nakala.

Na kwa kaunti zetu na Sacco zinazoendelea kununua sistimu, naomba hili moja liingie kwenye karatasi za zabuni na lisiondolewe. Kabla ofisa hajatia sahihi ya kupokea, aketi na karani atakayeitumia, sio na muuzaji, waingize 3 Aprili 2024, 25 Aprili 2024 na 29 Februari 2024, waingize kwa simu na kwa kompyuta mbili zilizowekwa lugha tofauti, moja Kiingereza cha Uingereza na nyingine cha Marekani, alafu wafungue upya kesho yake asubuhi, watoe kwa Excel na wachapishe kwa karatasi. Waingize na 31 Februari 2024 waone kama itakataliwa, ju kuna programu inaipokea na kuisukuma mpaka Machi 2 bila kusema chochote. Kama siku moja imetoka tofauti, sahihi isitiwe na pesa zisitoke mpaka irekebishwe.

Msomaji wako,
Fundi wa databesi,
Kondele, Kisumu.